Kabla Hamjampa Chenji, Muulizeni Anafanya na Nani: Barua ya Wazi kwa Wenye Maduka ya Vifaa vya Ujenzi na Umeme

Kwa wenye maduka ya vifaa vya ujenzi na vya umeme,
Kariakoo, Buguruni, Tabata, Mbagala, na kila mtaa wenye duka la namna hiyo.

Yah: Usalama wa mteja anayejitengenezea nyumba akiwa peke yake

Ndugu zangu,

Najua mnafungua mapema na kufunga usiku. Najua mizigo inavyopanda bei, na najua kwamba bila nyinyi hakuna nyumba ingesimama mjini hapa. Nawaandikia kwa heshima hiyo, lakini sitazunguka mbuyu: nimechoka kuona watu wakitoka madukani mwenu wamebeba hatari kwenye mfuko wa nailoni bila kuambiwa neno hata moja.

Mimi ni mteja wenu. Naishi Tabata, watoto wameshakwenda kujitegemea, na kazi ndogondogo za nyumbani nazifanya mwenyewe: koki inayovuja, holda iliyoungua, bati lililoinuka, dari iliyobonyea. Kama mimi wapo wengi. Fundi mzuri ana kazi nyingi, anakuahidi Jumatatu akaja Alhamisi. Mwenye nyumba naye akipigiwa simu anajibu, "Tengeneza tu, tutakata kwenye kodi." Basi mtu anachukua bisibisi, anaanza kazi. Hakuna aibu katika hilo, na siandiki ili kumkataza mtu kujitegemea.

Mtauliza kwa nini barua hii nisiipeleke serikalini. Huko nako kuna ya kufanywa, ila tazameni sheria inapoishia. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamlinda mtu aliye kazini, mwenye mwajiri wa kuulizwa. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, inatoa leseni kwa mafundi umeme, kila mmoja na daraja lake. Zimamoto wanaitwa pakishaharibika. Mtu aliye nyumbani kwake siku ya Jumamosi, amesimama juu ya stuli, hana mwajiri, hana msimamizi, hana mkaguzi. Kabla ya kupanda stuli hiyo alipita mahali pamoja tu penye mtu anayekijua kile kifaa, napo ni kaunta yenu. Nyinyi ndio watu wa mwisho kuzungumza naye, na mazungumzo yenyewe huwa ni bei tu.

MALALAMIKO YANGU

1. Jiwe la grainda linauzwa bila swali.

Nilikuwa kwenye duka moja, sitalitaja, nikisubiri kuhudumiwa. Kijana aliyekuwa mbele yangu alitaka jiwe la kukatia nondo za dirisha lake. Grainda yake ni ile ndogo, ya jiwe la milimita 115. Mawe madogo yalikuwa yamekwisha. Muuzaji akamtolea la milimita 180, akamwambia, "Hili linaingia, wewe fungua tu hilo kava." Kijana akalipa, akaondoka.

Nawaomba mchukue jiwe hilo msome karatasi iliyobandikwa juu yake. Jiwe la milimita 115 kwa kawaida limeandikwa kikomo cha mizunguko kama 13,300 kwa dakika. La 180 kikomo chake ni kama 8,500, na la 230 ni kama 6,600. Grainda ndogo inazunguka takribani mara 11,000 kwa dakika. Ukilifunga la 180 humo umelipitisha kikomo chake kwa zaidi ya mizunguko 2,000, na ukingo wake unakwenda zaidi ya mita 100 kwa sekunde. Likipasuka, kile kipande kinaruka usoni au shingoni, na kava ambalo lingekizuia ndilo mliloshauri lifunguliwe.

Katikati ya jiwe kuna pete ya chuma. Mawe mengi yana mwezi na mwaka uliogongwa kwenye pete hiyo. Ndiyo tarehe ya mwisho wa kutumika, kwa kuwa gundi inayoshikilia chembe za jiwe huchoka, hasa penye unyevu. Na pwani yetu hii unyevu haukosekani. Ni wangapi kati yenu wameshawahi kuisoma pete hiyo kabla ya kuuza?

2. Nyaya za zama mbili zinakaa rafu moja, na hakuna anayeeleza.

Nyumba nyingi za zamani zimefungwa kwa utaratibu wa zamani wa Kiingereza: nyekundu ni laini, nyeusi ni nyutro, kijani ni ya kwenda ardhini. Utaratibu mpya unasema kahawia ni laini, bluu ni nyutro, kijani yenye mstari wa njano ni ya ardhini. Waingereza wenyewe walianza kuhamia huko mwaka 2004. Nyinyi mnauza zote mbili, na mteja anachukua iliyo rahisi. Balaa liko kwenye umeme wa fezi tatu: bluu ya zamani ni laini, na nyeusi ya utaratibu mpya nayo ni laini. Mtu akifungua boksi, akaona nyeusi au bluu, akasema moyoni "hii haina kitu", anaweza kuwa ameshika volti 230. Na kama fundi aliyemtangulia alichanganya zote mbili katika nyumba moja, rangi haitamwambia lolote la kuaminika.

3. Mnamwacha mteja aamini kwamba sakiti breka inamlinda yeye.

Sakiti breka inalinda waya usiungue. Haikuwekwa kwa ajili ya moyo wa mtu. Umeme wa miliampia 30 tu ukipita kifuani unaweza kuuvuruga moyo. Fyuzi ya kawaida ya plagi zetu ni ya ampia 13, yaani zaidi ya mara 400 ya kiasi hicho. Mtu atakuwa amekufa na fyuzi bado nzima.

Sasa tazameni hita za kuoga mnazouza. Hita ya wati 5,500 kwenye umeme wa volti 230 inavuta karibu ampia 24. Mteja anaondoka nayo pamoja na mita chache za waya wa milimita za mraba 1.5, ambao ni waya wa taa, anakwenda kuifunga mwenyewe bafuni, miguu ikiwa kwenye maji. Kifaa cha kumwokoa kipo dukani kwenu. Mafundi wanakiita RCD, na ile ya miliampia 30 hukata umeme ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde ikihisi umeme unavuja. Lakini haitajwi mpaka mteja aiulize kwa jina, na asiyeijua hawezi kuiuliza.

4. Testa inauzwa bila maelezo, na kukatika kwa umeme kunachukuliwa kuwa ni usalama.

Kitaa cha ndani ya testa kinawaka kwa umeme mdogo unaopita mwilini mwa aliyeishika kwenda chini. Ukiwa juu ya ngazi ya mbao kavu, au umevaa viatu vya soli nene, au jua likiwa kali, kinaweza kuwaka hafifu usikione, na waya una umeme kamili. Kwa hiyo testa inajaribiwa kwanza kwenye soketi unayojua ina umeme, kisha pale unapotaka kushika, kisha inarudishwa tena kwenye ile soketi kuhakikisha haijafa katikati ya kazi. Sijawahi kumsikia muuzaji akilisema hilo.

Lipo kubwa zaidi. Umeme ukikatika mtaani, watu wengi husema, "Ngoja nitengeneze haraka kabla haujarudi." Wengine husubiri umeme wa LUKU, ule wa kulipia kabla, uishe. Umeme uliokatwa na mtu mwingine utarudishwa na mtu mwingine, naye hajui kama wewe uko darini. Ukiwa peke yako, mtoto anaweza kuingia uani na kuweka tokeni kwa nia njema kabisa. Salama ni moja: zima swichi kuu kwa mkono wako, na weka alama ambayo kila anayeingia ataiona.

Hata kuzima swichi ya taa ukutani hakutoshi. Katika nyumba zilizofungwa ovyo, swichi hukata nyutro badala ya laini. Taa inazimika, holda inabaki hai.

5. Ngazi mnaiuza kwa urefu na bei tu.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kuanguka kunaua watu wapatao 684,000 kila mwaka duniani, na zaidi ya asilimia 80 yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati, nchi kama yetu. Anayenunua ngazi ya aluminiamu aambiwe kwamba inapitisha umeme, asiisogeze karibu na waya unaoingia nyumbani. Aambiwe kipimo cha kuiegemeza: kila mita 4 za kupanda, miguu ya ngazi ikae mita 1 kutoka ukutani. Aambiwe asisimame kwenye vidato vya juu kabisa. Na anayenunua tangi la lita 1,000 aambiwe kwamba likijaa lina uzito wa tani moja, asilipandishe juu ya mnara wa mbao aliougonga mwenyewe, kisha akapita chini yake kufunga bomba.

6. Asidi na tina mnazipima kwenye chupa za maji ya kunywa.

Hili halina utetezi. Chupa haina lebo na kifuniko ni cha kawaida, nayo inakwenda kukaa jikoni au chini ya sinki. Mwenye nyumba akiimwaga asidi hiyo chooni pamoja na jiki, inatoka gesi ya klorini. Choo chetu cha kawaida kina kidirisha kimoja kidogo. Akilewa na gesi hiyo akiwa peke yake na mlango umefungwa, nani atajua?

7. Kamba na pampu mnamuuzia anayekwenda kushuka shimoni.

Kisima na shimo la maji taka vinaweza kukosa hewa, au vikajaa gesi inayonuka mayai viza, ambayo ikizidi inaua kwanza uwezo wa pua kuinusa. Anayeteremsha pampu ya petroli kisimani anaongeza na moshi usioonekana unaoua kimya. Mwaka 1986 taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, ilitahadharisha kwamba zaidi ya asilimia 60 ya wanaokufa katika mashimo na matangi ya namna hiyo ni waliokimbilia kuokoa wenzao. Kwa kazi hii hakuna ushauri wa kufanya peke yako kwa uangalifu. Peke yako, usishuke, na hata mkiwa wawili msio na ujuzi, msishuke.

UPWEKE WENYEWE NDIO HATARI

Katika yote hayo saba, kuna jambo moja linalogeuza ajali kuwa msiba: kutokuwepo mtu wa pili. Wawili wakiwa kazini, mmoja akinaswa na umeme, mwenzake anakimbilia swichi kuu. Mmoja akianguka, mwenzake anapiga 114 kuwaita Zimamoto na Uokoaji. Aliye peke yake anategemea alichoandaa kabla ya kuanza, na sisi hatuandai kitu. Tunafunga geti kwa ndani tusisumbuliwe, funguo tunazitia mfukoni. Madirisha yote yana nondo. Simu iko sebuleni kwenye chaji. Jirani anasikia kishindo, anabisha hodi, haitikiwi, anadhani hakuna mtu. Nyumba tuliyoifunga kuzuia wezi ndiyo inayomzuia mwokoaji.

Dawa yake haigharimu hata shilingi. Mwambie jirani: "Napanda darini, ikifika saa kumi hujanisikia, njoo." Acha geti bila komeo. Simu iwe mwilini, kwenye mfuko unaofungwa, maana iliyoachwa mezani haina msaada kwa mtu aliyevunjika nyonga. Na ukihisi umechoka, au giza limeanza kuingia, shuka. Bati litasubiri kesho.

NINACHOOMBA

Ndugu zangu, haya ndiyo ninayoomba, na yote yako ndani ya uwezo wenu.

1. Ulizeni swali moja kabla ya chenji: "Unafanya na nani?" Akijibu "peke yangu", mwambieni mambo matatu tu: zima swichi kuu, mjulishe jirani, simu iwe mfukoni. Haichukui hata nusu dakika.

2. Wekeni kinga pembeni ya hatari. Miwani ya kazi ikae rafu moja na mawe ya grainda. Glavu na barakoa zikae karibu na asidi. RCD ikae pembeni ya hita za bafuni. Zikionekana, zitaulizwa.

3. Msiuze jiwe kubwa kwa grainda ndogo, na msimshauri mtu yeyote afungue kava. Mteja aondoke mikono mitupu leo, arudi kesho akiwa na macho yote mawili.

4. Acheni kabisa kupima asidi, tina na petroli kwenye chupa za maji na soda. Uzeni katika vyombo vya kiwandani vyenye lebo.

5. Bandikeni ukutani karatasi moja ya Kiswahili. Maelekezo yanayokuja ndani ya maboksi mengi ni ya Kiingereza au Kichina. Andikeni rangi za nyaya za zamani na za sasa, jinsi ya kujaribu testa, kipimo cha ngazi, na namba 114 kwa herufi kubwa.

6. Jueni mahali pa kusema "hii mwite fundi". Kazi ya upande wa mita, swichi kuu, umeme wa fezi tatu na kushuka shimoni visiwe vya mtu asiye na ujuzi. Wekeni kaunta majina ya mafundi wa mtaa wenu wenye leseni ya EWURA. Mtakuwa mmewapatia mafundi kazi na mteja usalama.

7. Wafundisheni vijana mnaowaweka kaunta. Wengi wao ni werevu, wanajua bei ya kila skrubu kwa kichwa. Wakifundishwa pia jinsi ya kusoma pete ya jiwe la grainda, wataisoma.

Najua majibu mtakayonipa. Mtasema mteja ana haraka, ukimuuliza maswali anakwenda duka la jirani. Ndiyo maana naomba mkubaliane mtaa mzima, kama mnavyokubaliana bei ya saruji na nondo. Mtasema mteja ni mtu mzima, anajua anachofanya. Muuza dawa naye anawauzia watu wazima, na bado anaandika kwenye bahasha "mbili mara tatu" na kumweleza mtu asinywe na njaa. Hakuna mgonjwa aliyeona amedharauliwa kwa kuelezwa hivyo. Mtasema hiyo ni kazi ya serikali. Nami nakubali kwamba TBS, shirika la viwango, na Tume ya Ushindani wana wajibu wa kuondoa nyaya bandia sokoni. Lakini mkaguzi anapita mara chache, na nyinyi mpo hapo kila siku.

Mtasema pia biashara ni faida. Sawa. Miwani, RCD, glavu na kamba za usalama ni bidhaa, na mtakuwa mmeziuza. Mteja aliye hai anarudi kununua rangi, anarudi kununua vigae, anawaleta na ndugu zake.

Nawaomba mfikirie gharama ya upande wa pili. Mtu anayeanguka kutoka juu ya nyumba yake mara nyingi ndiye aliyekuwa akiilisha nyumba hiyo. Ni baba aliyetaka kuokoa hela ya fundi ili ada ya shule itimie. Ni mjane asiye na wa kumpandia juu. Ni kijana mpangaji aliyehamia mjini, hajapata rafiki wa kumwita. Wote hao walikuja kwenu na hela mkononi, wakawaamini kwa sababu nyinyi mnavijua vifaa na wao hawavijui.

Mimi nina jambo la kutoa. Ile karatasi ya ukutani niliyoiomba nimeshaiandika kwa Kiswahili chepesi, na nitapita duka kwa duka hapa Tabata kuigawa bure. Atakayetaka kuirekebisha airekebishe, atakayeona kuna kilichokosekana aongeze. Wa mitaa mingine waandike yao. Watu wengi hufanya kazi za nyumba zao Jumamosi na Jumapili, kwa hiyo naomba tuanze Jumamosi hii, na tuanze na lile swali la kaunta.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mama wa Tabata, mteja wenu wa siku zote
Dar es Salaam